Ada ya Mchanga

Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
sambusa ziwe zimekwisha au zimebaki,
nakaa dawati la pili kutoka mlangoni
katika chuo cha wananchi, Mbezi,
khanga yangu inanukia mafuta,
na Mwalimu Atupele anaandika ubaoni: MMOMONYOKO.
Neno refu. Nalinakili herufi kwa herufi
kama mtu anayehesabu chenji.

Miaka thelathini na tisa, nina daftari.

Kazi ya muhula ilionekana nyepesi:
kigingi kimoja, kichwa chekundu,
tukipigilie mita tano toka ukingo wa mto,
kila wiki tupime kilichobaki.
Kihwelo alishika nyundo, Mwanamkasi akashika fomu,
mimi nikapewa futi kamba,
eti mkono wangu hautetemeki.

Chini, mtoni, watu waliacha kuchimba.
Walitutazama kama tumetoka manispaa.
Mmoja akanipa mgongo.
Nalijua lile shati, kwapa lake nililishona mimi.
Nalijua na koleo, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli:
ndilo linalonilipia ada,
tripu kwa tripu.
Risiti ya chuo iliyo chini ya godoro
ukiikung'uta, nadhani itadondosha chembe.

Sikusema. Niliita namba kwa sauti: "Tano kamili!"

Wiki ya pili, mita tatu na nusu.
Mwalimu akauliza, mchanga unakwenda wapi?
Wengine wakasema baharini.
Luhende, mlinzi wa usiku, asomaye kwa miwani ya mkewe,
akagonga ukuta wa darasa kwa kiwiko.
"Huu hapa," akasema.
Hakucheka mtu.

Kisha vuli ikapiga siku tatu, usiku na mchana.
Tulikwenda kama waendao msibani.
Nikavuta futi kamba, nikasoma, nikasoma tena:
mita nne na robo.
"Mto umetubu!" Kihwelo akapiga makofi.
Mwalimu alichuchumaa, akakishika kigingi,
akakitikisa taratibu kama jino la mtoto,
asiseme neno.

Usiku Mkude anakula, tope limemkaukia kuchani.
"Leo mmepata ngapi?"
"Nne na robo."
Akatabasamu, tonge likiwa mdomoni.
"Nilikirudisha nyuma hatua sita.
Niliona namba zinashuka, nikajua watakufelisha.
Sasa utapasi, dada."

Nilishindwa kucheka, nikashindwa kumgombeza.
Huyu aliyeula ukingo kwa koleo
ndiye aliyeamka usiku wa mvua, tochi kinywani,
kwenda kuniongezea alama.

Alfajiri nikamwambia, nionyeshe kilipokuwa.
Tukapita nyuma ya nyumba ya mama mwenye kuku,
ukuta wake una ufa:
mwezi uliopita uliingia kidole,
leo unaingia kiganja.
Mkude alitangulia kwa uhakika wa mtu wa pale,
kisha akapunguza mwendo,
kisha akasimama, akanyoosha mkono
juu ya maji,
kwenye hewa tupu.
"Ilikuwa hapo," akasema.
Mkono ukabaki pale pale, haujui pa kurudi.

Nikafungua fomu juu ya goti.
Tarehe. Namba ya kituo.
Umbali: kalamu ikasita, nikachora kistari.
Kwenye Maoni, Mkude akinimulikia,
nikaandika kwa mwandiko wangu wa kuparua:
*Mahali hapa hapapo.*

Chini kabisa pana nafasi ya Aliyepima.
Niliandika jina langu,
nikampa kalamu.
Aliikamata kwa mikono miwili
kama kitu kizito.