Kona ya Ketill

Nyundo ya tingatinga imekatika mara ya tatu
juu ya jiwe lisilofika kifuani.
Ketill anatukana, anafuta grisi.
Novemba hii jua halikai.

Hallbera, mkunga mstaafu, anashuka na chupa ya kahawa,
anaweka shavu kwenye ukoga, kimya,
kisha: "Wanaomba wiki moja.
Humu mna mzazi."

Mhandisi wa kutoka Reykjavik anacheka.
Ketill anazima injini.

Leo barabara inapinda hapo
bila sababu yoyote kwenye ramani.
Muulize kama anaamini.
"Upuuzi," atasema, "jiwe ni jiwe."

Ila akifika konani usiku,
theluji ikipiga kioo,
hupunguza redio
kama mtu apitaye mlango wa chumba
alimolala mtoto wa wenyewe.