Kofia ya Tisa

Barua ya kwanza niliiandika kama nilivyofunzwa:
kwa heshima na taadhima, rejea ankara nambari arubaini na saba,
tunaomba mtimize wajibu wenu mapema iwezekanavyo.
Hoteli haikujibu.
Ya pili nikaongeza "kwa mara nyingine tena".
Hoteli ikanyamaza, kwa mara nyingine tena.

Bi Mwanajaa akapanda ngazi za ofisi yangu, Langoni,
akaketi juu ya katoni la karatasi.
"Hebu nisomea."
Nikamsomea.
"Na mimi ni wapi humo?"

Nikatafuta. Ankara ilikuwamo, wajibu ulikuwamo.
Mtu hakuwamo.

"Basi andika," akasema, na kidole chake kikaanza kutoboa hewa
kama bado kina sindano.
"Kofia kumi, za mkono, matundu hayahesabiki.
Kwenye ya tisa stima ikakatika, nami nimeahidi Ijumaa.
Nikashona kwa tochi ya simu ya mjukuu wangu, mato yaniwasha,
tochi nayo ikazima.
Sindano ikaniingia.
Tone moja. Nguo nyeupe.
Nililiosha kabla halijakauka, lakini lilisalia,
kwa ndani, penye mshono, dogo kama chembe ya ulezi.
Ijumaa nikazipeleka zote kumi."

Vidole vyangu vikakimbia kwenye vibonye.
Nikanogewa, nikatia: nililia peke yangu gizani.
"Futa. Sikulia. Nilitukana."
Nikafuta.
Tusi lenyewe hakunitajia.

Nikataka kufunga kwa ule mkia wangu wa siku zote,
tukitarajia ushirikiano wenu mwema.
Akanishika mkono.
"Mtu akishaaga haketi tena."

Kwa hiyo barua ikaishia hapa:
Zigeuzeni kofia, moja moja, mtazame ndani.
Mkilikuta tone, mmeiona ankara.

Siku nne, kimya. Nikaanza kuona haya kwa ajili ya ile barua,
jinsi ilivyokwenda bila koti.
Ya tano simu yake ikalia: pesa, zote,
na nyuma yake ujumbe wa meneja, neno moja:
Nimeliona.

Hapo nikamtoza mia mbili za kuchapa.
Akaweka mia mezani, akafunga pochi.
"Na mia nyengine, Bi Mwanajaa?"
Keshafika ngazi ya tatu, anashuka ubavu ubavu, magoti hayo.
"Nyengine ni ya maneno," akasema bila kugeuka.
"Na maneno yalikuwa yangu."