Mgebuka wa Chupa ya Chai

Chupa ya chai ya mama mkwe ilianguka Jumapili asubuhi,
ile ya maua mekundu aliyovuka nayo kutoka Bujumbura
ikiwa imeviringwa vitenge viwili kama mtoto mchanga.
Haikupiga kelele. Ilisema pwasi, ikatulia,
na nilipoitikisa, ndani mlinyesha mvua.

Hamimu amesimama, miguu mitupu.
"Usisogee," nikamwambia. "Sikupigi. Usisogee tu."
Nikamimina kwenye ungo: fedha tupu,
vigae vyembamba kama magamba ya mgebuka
anapotua mezani Kibirizi kabla jua halijamwona.
Moyo ukakataa kwenda jalalani.

Zabuloni, fundi anayebandika vigae vya vyoo huko Mwanga,
aliniachia saruji nyeupe, nusu kopo la siagi.
"Mama Hamimu, picha si chapati, usiikandamize.
Chora kwanza kwa mkaa. Anza ukingoni, ingia ndani polepole.
Na kati ya kipande na kipande acha nafasi,
upana wa punje ya mchele,
maana saruji nayo inataka pa kukaa."
Akaondoka, pima maji kwapani.

Nikavaa soksi mikononi.
Nikapekua nyumba kama mtu aliyepoteza hirizi:
mlango wa kabati uliosalimika na mchwa,
sahani ya harusi yenye ufa (nikaifunika kanga, nikaigonga kwa mchi,
mara moja kwa huzuni, mara ya pili kwa raha),
vizibo vya soda kutoka kibandani kwa Bi Tabu,
kikombe kilichobaki na neno moja, HERI,
na maganda ya mayai ya wiki mbili.

Maganda nikayapaka mawese yapate rangi.
Gundi ikayakataa. Yakateleza hadi sakafuni
kama wapangaji wanaohama usiku.
Nikaanza upya, nikayachemsha na bizari,
yakatoka manjano, makavu, yenye adabu.

Kichwa kikawa kikubwa, mkia ukaishiwa ubao.
"Mama," akauliza Hamimu, "hii ni sabuni?"
Usiku wa pili umeme ukakatika Gungu nzima,
nikabana tochi ya simu kwa kidevu
nikaendelea, shingo imepinda, nikimtukana samaki kwa upole.

Siku ya tatu nikapaka saruji juu ya kila kitu.
Kila kitu. Mgebuka akazikwa hai.
Nikakaa chini. Nikasema, basi, nimeharibu.
Kisha nikachukua kitambaa kibichi, nikafuta pembeni kidogo,
na kipande kimoja kikanikonyeza,
kikafuata kingine,
halafu ubavu mzima.

Alhamisi akarudi kutoka Kasulu, kwenye arobaini ya shangazi yake.
Macho yake yana ukungu; vitu huvisoma kwa vidole.
Kingo nilishazisugua kwa jiwe, lakini bado nilishika pumzi.
Akapapasa mkia, akapapasa tumbo,
akasita kwenye fedha.
"Hii ni chupa yangu."
Hamimu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama dari.
Vidole vikapanda taratibu mpaka kichwani.
"Na huyu, mbona hana jicho?"

Nilisahau jicho.
Siku zote zile, soksi, mchi, bizari, tochi,
nilisahau jicho.

Akashika kifungo cha juu cha sweta yake, ile ya msibani,
akaking'oa kwa meno matatu yaliyobaki,
akaniwekea kiganjani, kingali na uzi, kingali na mate.
"Hapa," akasema, kidole juu ya saruji iliyokwisha kukauka.
"Toboa."

Siku hizi chai ya nyumba hii haina pa kulala.
Tunaichemsha, tunakaa, tunaimaliza.