Safu ya Tatu

Daftari lina safu tatu: aliyejikuna,
aliyemwona, na sekunde zilizopita.
Penseli nimeifunga kwa uzi shingoni,
maana Budongo humeza penseli kama inavyomeza viatu.

Saa moja na nusu asubuhi. Sokwe saba chini ya mkuyu.
Kipara anainua mkono, anajikuna kwapa, krrr, krrr,
kama mtu anayekwangua ukoko.
Nahesabu. Kumi. Kumi na tano.
Kijana aliyekuwa akimtazama anapeleka kidole nyuma ya sikio.
Naandika: ndiyo.

Au ni siafu? Walipita hapa jana.
Au kupe, au fukuto la mvua iliyoghairi?
Daktari wa kituoni anataka jibu moja tu:
je, mwasho huruka kwa macho, ngozi hadi ngozi,
bila mdudu wa kuubeba?
Ananiuliza huku akijikuna kiwiko.
Namjibu huku nikijikuna shingo.
Sisi wawili hatumo daftarini.

Yuko jike mmoja tunamwita Kizingiti,
kwa kuwa hukaa pembeni, si ndani si nje.
Huyo hujikuna kwa kishindo, kifua hadi kiuno,
na kishindo chake ni mwaliko:
njoo, nichambue manyoya.
Hakuna shingo iliyogeuka.
Kumi. Thelathini. Dakika nzima.
Safu ya pili: hakuna.
Ya tatu nimeiacha wazi.
Wanasema upele hupewa asiye na kucha.
Kizingiti kucha anazo, ndefu, nyeusi.
Alichonyimwa ni macho.

Jioni, Nyabyeya. Giramia anapepeta maharage,
mbuzi anajisugua kwenye nguzo ya jiko,
na mtoto, akimtazama mbuzi, anajisugua kwenye nguzo ya pili.
Nacheka. Hilo ningeliandika.

Mama, tuliyemleta kutoka Paidha baada ya matanga ya baba,
ameketi mlangoni,
anazungusha bega kwenye ubao wa kiti, taratibu,
kama anayetafuta kitu gizani.
Nampita nikienda kutafuta kiberiti.
Nampita tena nikirudi nacho.
Nimeshawasha taa, nimeshafungua daftari,
ndipo bega langu, lile lile la kulia, linapoanza.

Sikutazama saa.
Naliacha daftari juu ya pipa, nanawa mikono.
Wapi hasa, mama?
Chini kidogo, anasema. Hapo.
Si hapo.