Kijitabu cha Kaanaeli

Muhula huu sikutunga mtihani.
Niliwaambia: shukeni mjini, pandeni Kiborloni,
mtafute mtu anayehitaji Kiingereza kesho asubuhi,
si cha cheti,
mkamwandikie.
Mkuu wa idara akauliza: na wakinakiliana?
Nikasema: wamnakili nani, muuza mtori?

Kweli, wa kwanza alileta menyu ya mtori.
Ndizi zimeelezwa aya mbili, kama marehemu.
Wa pili, sifa za kahawa ya kwao Kibosho,
zimenyooka mno, hazina hata kikohozi.
Nikamwonyesha neno moja: hili nalo?
Akatazama viatu vyake.

Kaanaeli Mamuya alichelewa siku mbili.
Mitihani yangu imemwangusha mara tatu;
kwenye nafasi zilizoachwa wazi
yeye huacha wazi.
Akaweka mezani kijitabu cha kurasa kumi na mbili,
kimeshonwa kwa uzi wa kiatu,
kinanuka mafuta ya taa.
Kawaandikia wapagazi wa lango la Machame,
baba yake mdogo na wenzake:
namna ya kumwuliza mgeni kama kichwa kinamgonga,
namna ya kusema mzigo huu umezidi,
namna ya kutaja bakshishi bila kuinama.

Kalamu nyekundu ikaamka.
Ukurasa wa tatu, kitenzi kimegombana na kiima.
Wa tano, jana imekaa kwenye kiti cha leo.
Nikapiga duara. Nikapiga duara.
Wa saba ulikuwa na duara tayari,
la kitako cha kikombe,
na kando yake, kwa penseli butu, mwandiko si wake:
*Hii niliisema Karanga, usiku. Mgeni akaelewa.
Tulishuka naye, anapumua.*

Karatasi yangu ya alama ina safu nne:
sarufi, msamiati, mpangilio, uwasilishaji.
Sarufi nilimpa tisa kwa ishirini na tano.
Sikumwonea; makosa yalikuwepo.
Safu zilizobaki nikazitazama
mpaka chai ikaota ngozi.

Akabisha hodi, hakuketi.
"Mwalimu, nakala ni hiyo moja.
Nimeiazima tu. Jumatano wanapanda."

Jumatano ilikuwa kesho.
Nikaitazama ile miduara yangu, mizuri,
isiyomwambia mtu chochote gizani.
Nikavuta kiti,
nikaanza kuandika sentensi iliyo sahihi
juu ya kila kosa,
kwa herufi kubwa,
za kusomeka kwa tochi.