Dirishani

Jumamosi haikuwaka.
Jumapili, baada ya ibada, haikuwaka.
Nilibonyeza, nikabonyeza tena, nikaisemesha
kama unavyomsemesha ng'ombe aliyekataa kusimama:
taa moja ya buluu, feni ikavuta pumzi,
kisha weusi, na kistari kidogo cheupe
kikikonyeza, kikikonyeza, kama mtu
anayejua jambo na hasemi.

Njombe, mwezi wa saba. Baridi hukaa juu ya mabati
mpaka saa nne. Alhamisi nikaifunga kwa blanketi la mtoto,
nikaipakata kwenye bodaboda hadi stendi ya zamani
kwa Nolasko Mligo, fundi,
niliyemkuta akiota moto wa jiko la mkaa,
bisibisi mdomoni kama mswaki.

"Kamwene."
"Kamwene. Mna nini humo?"

Nikasema: mna akina mama thelathini na mmoja.
Mna hisa zao za kila wiki tangu tulipoanza,
mikopo ya mbegu za viazi, faini za kuchelewa,
mna mfuko wa jamii, mia tano mia tano,
mna yote. Daftari tuliliacha
siku nilipokuja na mashine hii nikiringa,
nikisema karatasi huliwa na panya.

Panya hawakucheka. Panya ni waungwana.

Akailaza chali, akaipasua tumbo. Vumbi,
ganda la karanga, unywele mmoja mrefu wa mwanangu.
"Nyumba ipo," alisema. "Aliyekufa ni bawabu.
Mlangoni hatupiti. Tujaribu dirishani."
Akachomoa diski, ndogo kama kipande cha sabuni,
akaiunga kwa waya na mashine yake.
Ikalia: tik. Tik. Ikanyamaza.
Tukanyamaza nayo.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia.
Mstari wa kumi na tisa ni jina langu.
Laki mbili na arobaini, nilikopa mwezi wa pili,
nikaandika mbolea, na haikuwa mbolea.
Pale kwenye kigoda, miguu ikifa ganzi,
nusu yangu iliomba diski ipone
na nusu iliomba, kwa sauti ya chini zaidi,
isipone yote.

Saa nane umeme ukakatika. Tukaanza upya.
Saa kumi likatoka faili moja, jina limeharibika,
alama za kuuliza tupu; ndani, picha za kipaimara.
Kisha jingine. Kisha majedwali yakaja
kama mbuzi wanaorudi wenyewe, mmoja mmoja, na matope yao:
Januari. Machi. Februari nyuma ya Machi.

Anjelista Mtega, amemaliza deni.
Leokadia Mlowe, faini mbili, na pembeni nimeandika
"mtoto alilazwa", nikasahau kumfutia.
Yusta Ngimbudzi, hisa arobaini na mbili.
Yusta tulimzika mwezi wa tano.
Wanawe waliniuliza juzi, mara moja tu, kwa adabu,
kama mama aliacha chochote kwetu,
nami nikajibu: mashine inaumwa.

Mstari wa kumi na tisa.
Mzima. Hata nukta haikuchubuka.

Nolasko hakuusoma, au aliusoma
akageuka kuchochea mkaa uliokwisha zimika.
"Nikuwekee kwenye flashi?"
"Weka. Na nisubiri kidogo, usiifunge."

Nikavuka barabara ndani ya ukungu,
nikanunua kaunta buku, kwaya mbili,
nikarudi kwenye kigoda, nikaifungua magotini.
Sikuanza na wa kwanza.
Nikaandika kumi na tisa, nikaandika jina,
kalamu ikagoma kwa baridi.
Nikaipulizia. Ikagoma.
Nikaipulizia tena.