Usiku Usio na Chumvi

Jumatatu na Alhamisi, saa tatu usiku,
nafungua kile kijisanduku chenye vyumba saba
na chumba kimoja nakiacha kitupu.

Daktari Urrejola alinichorea nyuma ya risiti:
lithiamu, isimezwe usiku wa kuamkia umeme;
valproati, ipunguzwe wiki hadi wiki mpaka iishe,
kwani kazi yake ni kuzuia degedege,
na degedege ndiye mgeni tunayemwalika.
"Huwezi," alisema, "kumwita mtu kwa mkono huu
na kwa ule ukamfungia mlango."

Mara ya kwanza mgeni alikaa sekunde kumi na mbili.
Muuguzi, macho kwenye kidole gumba cha mguu wa Nivia,
akatikisa kichwa: haitoshi.
Dawa ilikuwa bado inalinda lango la nyumba
ambayo ndani moto ulishazimika.

Mimi ni dereva. Mwaka wa kumi na tisa huu
nashusha maji ya chumvi kutoka jangwani,
kwenye mabwawa ya samawati yanayokuwa manjano,
hadi kiwandani, nje kidogo ya Antofagasta.
Ile ile inayokwenda kwenye simu za watu nisiowajua
ndiyo, ikishasafishwa, inayolala kiganjani mwa mke wangu.
Nivia amekula chumvi nyingi kuliko bibi yake
na ana miaka arobaini na minne tu.
Sitii chumvi, nilihesabu:
tembe tatu kila usiku, miaka kumi na moja,
elfu kumi na mbili na ushei.
Ndizo zilizomshika asipande tena juu ya paa
kupaka bati rangi ya chungwa usiku wa manane,
akiwapigia majirani miluzi waje wamsifu.
Ndizo pia zilizoshindwa alipozama, mwezi Mei,
akawa anakaa ukingoni mwa kitanda
na soksi moja mkononi
kutwa.

Sasa niambie, utamnyang'anyaje mtu kamba
eti kwa sababu kesho anavuka?

Nilishindwa. Usiku wa kuamkia kikao cha tano
nilimpa mbili, na kijiko cha jemu.
Alimeza bila kuuliza. Siku hizo hakuwa akiuliza kitu.

Asubuhi alizinduka, hakuzinduka.
Alikuwa akikunja shuka, akikunjua, akikunja,
akiniita Mirko,
kaka yake, aliyezikwa kabla sijamjua.
Mpaka alasiri nilikuwa Mirko.
Nilijibu "naam" kwa jina la marehemu.
Daktari aliuliza mara moja tu: "Jana alimeza nini?"
Nikatazama viatu vyangu, ukoko mweupe pembeni.
Hakunigombeza. Aliandika.
Hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo chumba kile hukaa kitupu
nami hulala jicho moja, nikihesabu pumzi zake
kama nihesabuvyo kona za mteremko, breki mguuni.
Sekunde thelathini na nane. Arobaini na moja.
Muuguzi siku hizi hatikisi kichwa.
Lakini umeme nao hutoza ushuru:
umechukua jina la mbwa wa jirani,
harusi ya dada yangu, nzima, na keki yake,
namba ya siri ya benki,
na ugomvi wetu wa Januari
(huo nimeuacha uende).

Jana, baada ya kikao cha tisa, aliweka kijiko chini.
"Yerko, supu hii haina chumvi."
Miezi minne alikuwa akila kama mtu anayejaza fomu.
Niliinuka haraka mno, kiti kikaanguka.

Leo hakumbuki kusema hivyo.
Nimemwandikia kwenye daftari, tarehe na saa,
chini ya kipimo cha lithiamu katika damu
na ule mstari wa mwisho wa valproati, uliokatwa.
Amesoma. Amerudia, kidole kikifuata maneno.
Kisha ameuliza,
"Na uliniongezea?"